Mashine ya bei mbaya ilivyonizimikia jukwaani

Juzi kijana mmoja kaniandikia: "Kaka, nimedunduliza miaka miwili, nataka mashine moja ya kisawasawa ya kupigia laivu, nisihangaike tena." Nilicheka, kisha nikanuna. Hayo yalikuwa maneno yangu mwenyewe kabla ya usiku ule.

Nilikuwa na sinthesaiza ya analogi, yaani kinanda kinachounda sauti kwa saketi za umeme, inayotoa noti 8 kwa mpigo, uso wa chuma, mbavu za mbao. Nzito kama jeneza. Wimbo wa tatu, watu wameshapamba moto, skrini ikapepesa mara moja, kimya. Ikaanza kujiwasha upya kwa raha zake, nembo ya kampuni ikinimeremetea usoni. Mimi nimesimama mikono mitupu mbele za watu. Mmoja akapiga mluzi. Ikawaka, nikagusa noti mbili, ikazima tena.

Kisa ni tundu la adapta. Mashine ya bei ile, umeme wake unapita kwenye kipini chembamba kama cha ruta ya intaneti! Lehemu kwenye bodi ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Nyumbani haikuwahi kusumbua. Jukwaani besi ikitikisa meza, ufa unaachia. Nilipolalamika, kampuni ikanijibu kwamba mtetemo ule ni "matumizi yasiyo ya kawaida". Chombo cha muziki, jamani.

Kilichonisitiri ni kisanduku kidogo cha midundo cha kutumia betri, ambacho siku zote nilikionea haya. Nilikitoa kwenye begi, nikamalizia nacho shoo. Na watu walicheza, hilo nalisema bila aibu.

Kwa hiyo, mdogo wangu, ile bei unalipia sauti. Uimara ni habari nyingine. Tangu Minimoog, sinthesaiza maarufu ya 1970, analogi inajulikana kwa kuhama tyuni joto likibadilika, basi iwashe nusu saa kabla, ipate moto, ndipo utyuni. Usisasishe programu yake wiki ya shoo, hata kama wamekuahidi maajabu. Sauti zako zinakili kwenye kompyuta, maana mashine nyingi za zamani hutunza kumbukumbu kwa kibetri cha volti 3, na kikifa kinaondoka nazo. MIDI nayo, ile lugha ya vyombo vya umeme kuwasiliana, iliyoanza 1983, huianzisha noti kwa ujumbe mmoja na kuikomesha kwa mwingine. Ule wa pili ukipotea njiani, noti inalia kama king'ora, kwa hiyo ujue kitufe cha kunyamazisha kila kitu kiko wapi hata gizani.

Na beba chombo cha pili. Nasema tena, beba cha pili! Tunajua kupiga picha vyombo vyetu vikiwa vimepangwa vizuri, lakini nani kati yetu amewahi kufanya mazoezi ya kuzimikiwa? Mimi sasa nafanya. Katikati ya wimbo nachomoa waya makusudi, naendelea.

Jumamosi napiga tena. Lile jeneza linakuja, tundu limelehemiwa upya, waya nimeubana kwa tepu usining'inie. Kisanduku kidogo safari hii hakikai kwenye begi. Kiko mezani, kimewashwa, na fundi mitambo nimeshamwambia akipe chaneli yake.