Maswali ya Wasomaji: Mbwa na Safari za Baharini

SWALI: Mhariri, nakusalimu. Mimi ni mwalimu mstaafu na mjane, ninaishi Malindi. Mwanangu aliyeko Uingereza amenilipia safari ya mapumziko katika meli kubwa ya kitalii itakayoondoka Southampton na kuzunguka bandari za Mediterania kwa wiki mbili. Nina mbwa wa miaka tisa ambaye, tangu baba watoto afariki, ndiye ninayeshinda naye mchana na ndiye anayelinda boma langu usiku. Mwanangu amesikia kwamba zipo meli zinazochukua mbwa, nami roho hainipi kumwacha. Je, nifuatane naye?
Mama Mwalimu, Malindi

JIBU: Mama Mwalimu, shikamoo. Rai yangu ni kwamba usifuatane naye, na nitakueleza sababu kwa kirefu, kwa kuwa najua jambo hili si jepesi kwa mtu anayeishi peke yake.

Aliyoyasikia mwanao ni kweli, ila yanahusu vyombo vingine. Meli za kitalii, za Mediterania na hata zile zinazotia nanga Mombasa msimu wa kaskazi, karibu zote hukataa wanyama wa kufugwa. Anayepokelewa ni mbwa wa huduma tu, yaani yule aliyefunzwa kumwongoza kipofu au kumsaidia mtu mwenye ulemavu kwa kazi maalumu, naye pia ni kwa taarifa ya mapema na hati kamili. Meli inayotajwa kila mara ni Queen Mary 2 ya kampuni ya Cunard, iliyoanza safari zake mwaka 2004, ambayo hubeba mbwa na paka inapovuka Atlantiki baina ya Southampton na New York, safari ambayo kwa kawaida huchukua siku saba. Tangu ilipokarabatiwa mwaka 2016 ina vizimba 24, pamoja na nguzo ya taa ya Kiingereza na bomba la zimamoto la Kimarekani, ili mbwa wa kila upande apate mahali alipozoea kwenda haja. Hata humo mbwa halali chumbani kwa mwenyewe. Hulala kizimbani, na mwenyewe humtembelea kwa saa zilizopangwa. Zipo pia feri za usiku baina ya Uingereza na Uhispania zenye vyumba vya abiria wenye mbwa, lakini hizo ni za kuvukia tu.

Hata kama ungepata meli ya kumpokea, kikwazo kikubwa kingekungoja bandarini. Kenya haimo katika orodha ya nchi ambazo Uingereza na Umoja wa Ulaya hulegeza masharti yao kuhusu kichaa cha mbwa. Kwa hiyo mbwa wa Malindi sharti kwanza atiwe chipu ya utambulisho chini ya ngozi, kisha achanjwe, kisha zipite angalau siku 30 ndipo atolewe damu ipelekwe katika maabara inayotambuliwa, nayo ionyeshe kinga isiyopungua 0.5 kwa kipimo cha kimataifa. Baada ya damu kutolewa, husubiriwa miezi mitatu mingine. Kwa Uingereza huongezwa dawa ya tegu, ambayo daktari humpa mbwa si chini ya saa 24 wala si zaidi ya saa 120 kabla ya kuingia nchini. Tena, mbwa anayeingia Uingereza kwa ndege hasafiri miguuni pa mwenyewe, husafirishwa kama mzigo. Hizo ni zaidi ya siku 120 za matayarisho kabla ya yeye kuiona hiyo bahari. Wala usidhani njia ya New York ni nafuu: tangu Agosti 2024, Marekani huwataka mbwa waliochanjwa katika nchi inazozihesabu kuwa za hatari kubwa, na Kenya ni mojawapo, waingie kupitia viwanja vya ndege vilivyotengwa vyenye kituo cha kuwapokea.

Nakuomba usizione taratibu hizo kuwa ni inda. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu karibu hakina tiba, na wengi wanaokipata hukipata kwa kung'atwa na mbwa, watoto wakiwa mbele ya kila mtu. Nchi iliyofaulu kukiondoa ina haki ya kulinda mlango wake, na sisi wa pwani tungekuwa na mbwa wengi zaidi waliochanjwa, labda siku moja tungehesabiwa pamoja nao.

Sasa tumtazame mbwa mwenyewe, kwa sababu naona katika barua yako huruma nyingi na wasiwasi kwamba ukimwacha utamdhulumu. Mbwa wa miaka tisa ni mzee. Nyumba yako anaijua kwa harufu, kwa sauti ya lango, na kwa saa unayomtilia chakula. Melini sakafu hutikisika, ving'ora vya mazoezi ya dharura hulia, na hapana udongo. Mbwa wengi walioelimika kwenda haja nje hujizuia kwa saa nyingi sana wakikosa mchanga au nyasi, jambo linalowaumiza. Wengine hulewa bahari kama watu: hudondosha mate, hutapika, na kukataa maji. Halafu kila meli inapofika bandarini, asiye na hati za nchi ile hubaki ndani. Wewe ungekuwa Napoli ukitembea, naye amefungiwa kizimbani. Ungefurahi vipi na hali hiyo?

Kwa hiyo nguvu zako zitumie katika kumwacha vizuri. Afadhali mtu aje kukaa kwako kuliko mbwa kuhamishiwa kwa mtu, kwa maana kwa mbwa mzee mahali ni nusu ya utulivu wake, na boma lako nalo litabaki na mlinzi. Mtu huyo aanze kuja wiki kadhaa kabla hujaondoka, awe ndiye anayempa chakula na kumtembeza ufukweni alfajiri kabla mchanga haujapata moto, kisha ulale nje siku mbili ili uone mbwa anavyokula usipokuwapo. Daktari wa mifugo ampime na kumhuishia chanjo, nawe umwachie barua ya kumruhusu kumtibu pamoja na fedha kidogo, kwani yule mlezi hatathubutu kuamua peke yake ikitokea shida. Acha kanga uliyoivaa kwenye kilalio chake. Siku ya kuondoka usimlilie wala usimkumbatie kwa muda mrefu. Mbwa husoma hofu ya mwenyewe haraka mno. Mwachie mlezi chakula kilekile anachokula sasa, kwa maana kubadilisha chakula na mtu kwa siku moja ndiko kunakowaharisha wengi.

SWALI: Ndugu Mhariri, assalaam alaykum. Mimi ni nahodha, nina jahazi langu Lamu. Wageni waliopanga nyumba Shela wanataka niwapeleke Kiwayu, walale siku mbili, nao wana mbwa. Mabaharia wangu hawataki, kwa kuwa sitaha ile ndiyo tunayosalia na kulia chakula. Wageni wamesema nikikataa ni ukatili. Nifanyeje?
Nahodha, Lamu

JIBU: Waalaykum salaam, Nahodha. Una haki ya kukataa, na katika hilo hapana ukatili. Chombo ni chako, na mabaharia wako ni Waislamu wa madhehebu ya Shafi, ambayo mate ya mbwa yanapogusa chombo huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Kulifanya hilo katikati ya bahari, na sitaha yenyewe ndiyo mahali pa kusalia, ni tabu ambayo mgeni hawezi kuikisia asipoelezwa. Mweleze kwa upole. Lakini mbwa mwenyewe asipigwe teke wala kutupiwa jiwe gatini. Dini hiyohiyo ndiyo iliyotupa hadithi ya mtu aliyesamehewa dhambi kwa kumtekea mbwa maji kisimani kwa kiatu chake.

Lipo na jambo jingine, nalo pengine litawaingia wageni kuliko yote. Kiwayu imo katika hifadhi ya bahari ya Kiunga, na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori haliruhusu wanyama wa kufugwa kuingizwa katika hifadhi. Fukwe zile hutagiwa mayai na kasa, na mbwa asiyefungwa hulifukua kiota kwa usiku mmoja. Kwa hiyo Kiwayu na mbwa isiwemo kabisa, hata mabaharia wakubali.

Wakiomba safari fupi ya saa chache ndani ya mkondo, baina ya Shela na Manda, hapo ni hiari yako na ya mabaharia wako, wala usiwalazimishe vijana kwa ajili ya malipo. Mkikubali, mbwa akae omo, yaani mbele ya jahazi, juu ya mkeka wa wageni wenyewe, afungwe kwa kamba fupi, na shetri, yaani nyuma, pamoja na jiko vibaki vyenu. Mgusano mkavu kwa mkavu hauna neno katika madhehebu yetu. La kuhadhari ni mate na unyevu, kwa hiyo akioga baharini asirudishwe sitahani hadi akaukie pwani. Wageni wachukue maji yake matamu ya kutosha na kivuli, kwa maana mbwa hupoza mwili kwa kuhema, na akinywa maji ya chumvi hutapika na kuharisha. Foromali, ule mti unaobeba tanga, inapogeuzwa, mwenyewe amshike. Wakati wa kusi mbichi, mlango wa Shela ukichafuka, msimchukue hata kwa saa moja.

Patana bei kabla hamjang'oa nanga, pamoja na gharama ya kuosha chombo mkirudi, na umwambie mgeni wazi kwamba fedha hizo ni za mabaharia, kwa kuwa wao ndio watakaobeba ndoo.