Njia Yangu ya Mvua, Ile Mliyoicheka

Jumatano usiku nilikuwa nasonga ugali simu ikalia. Ujumbe ulitoka kwa dada mmoja ambaye hatujasemezana tangu mwaka jana: "Mambo? Ile njia yako ya mvua inaanzia wapi?" Hakuna habari za siku nyingi, hakuna samahani. Nilicheka peke yangu jikoni mpaka ugali ukashika chini.

Wageni wa hapa hamjui kisa. Kwa miaka miwili nilitembea kila Jumamosi na kikundi kimoja cha Nairobi. Watu wazuri jua likiwaka: Ngong, Longonot, picha tele. Masika yakifika, kila mtu anajifunika blanketi. Nikapendekeza njia ambayo nilikuwa nimeijaribu peke yangu, ya kuanzia bustani ya City Park, kupanda Limuru Road, kuingia msitu wa Karura na kutokea Kiambu Road. Mmoja akaandika kwenye WhatsApp, "Hiyo si matembezi, hiyo ni kutumwa sokoni." Vikaragosi vya kucheka vikafuata, kama kumi na vitano. Nilivihesabu.

Hapo ndipo nilipokosea, na nalisema wazi. Ili nisionekane mwoga, niliiacha njia yangu, nikawapeleka kwenye maporomoko ya maji ya Karura, kwa kijia cha kando ya mto, asubuhi moja baada ya mvua ya usiku kucha. Udongo wa Karura ni ule mwekundu wa mfinyanzi. Ukilowa, hatua tano tu na kila kiatu kimekuwa na soli ya pili, nene kama chapati tatu, haishiki popote. Mama mmoja aliteleza kwenye mteremko, akateguka kifundo cha mguu. Tulimpandisha kwa zamu, mikono yake mabegani mwetu, naye ndiye aliyekuwa akitupa pole sisi. Jumatatu nikakuta nimetolewa kwenye kikundi. Hakuna aliyenipigia simu. Yule mama peke yake ndiye tunaosalimiana hadi leo.

Sasa njia yenyewe.

Anza City Park, Parklands, saa moja asubuhi. Njia zake ni fupi, na kama mvua ni ya radi utaijua ungali karibu na matatu ya kurudi nyumbani. Usitoe ndizi mfukoni: kima wa pale hawaombi, wananyang'anya. Mimi hupitia makaburini nikafunge kamba za viatu. Pio Gama Pinto, mwanasiasa aliyeuawa kwa risasi mwaka 1965, amelala pale, na Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais kwa miezi michache mwaka 1966, alitaka azikwe karibu na rafiki yake huyo. Akafariki 1990, wakamtimizia. Mtu anaomba alale karibu na rafiki yake miaka yote hiyo, mimi wangu walinitoa kwa kubonyeza mara moja. Haya, tuendelee.

Limuru Road haina mengi ya kusimulia. Kuta ndefu, bougainvillea, walinzi wenye redio. Lakini ndiyo siri ya njia hii: mahali penye lami na mitaro, maji yameshaonyeshwa pa kwenda kabla hujafika. Tembea ukiyatazama magari yanayokuja, na ukiona dimbwi mbele na gari kubwa linakuja, simama lipite kwanza. Koti langu la kwanza liliharibikia pale.

Getini Karura utalipa kwa simu, kwa hiyo usiende na noti zilizolowa. Ukishaingia, shika barabara pana za maramu, ile changarawe nyekundu. Njia panda zina vibao vya namba, piga picha kila kibao unachopita. Vijia vya kuteremka mtoni viache, hata kama wenzako wanakuita mwoga. Narudia: shika maramu. Changarawe inanywa maji, mfinyanzi unayakalia.

Na kuna jambo ambalo wa kulala blanketini hawalijui. Mvua ikianza ukiwa chini ya miti, dakika nyingi zinapita unaisikia tu juu, haijakufikia. Ikikatika, kinyume chake: angani kweupe, na miti inaendelea kunyesha mvua yake yenyewe. Usivue koti mapema. Na usijikinge chini ya mkaratusi, matawi yake huanguka bila taarifa.

Halafu siafu. Mvua ikinyesha hutoka kwa misafara, mstari mweusi unaokatiza njia kama kamba iliyodondoka. Mwezi uliopita nilisimama kuwaeleza vijana wawili habari za Wangari Maathai, jinsi alivyopigwa hadi kichwa kikatoka damu katika msitu huu Januari 1999, alipokuja kupanda mti kuwazuia wanyakuzi wa ardhi. Nimefika kwenye damu, nikahisi moto pajani. Nilikuwa nimesimama juu ya msafara. Niliimalizia historia ya Kenya nyuma ya kichaka, suruali magotini. Kwa hiyo soksi ndefu, suruali ndani ya soksi, aibu baadaye.

Lakini nisikilizeni. Wangari alipigwa ili miti hii ibaki, hekta zaidi ya 1,000 katikati ya jiji, halafu wewe unashindwa na manyunyu? Unalipia gym uende kutembea juu ya mkanda ukitazama ukuta? Mvua haijawahi kumyeyusha mtu. Nunueni viatu vyenye meno, acheni raba nyeupe za picha, na shikeni maramu.

Utatokea geti la Kiambu Road baada ya mwendo wa saa tatu hivi tangu City Park, ukitembea kama mtu asiyefukuzwa. Matatu za namba 100 zinakurudisha mjini. Beba soksi kavu za kuvaa humo.

Yule dada nilimjibu Alhamisi, si Jumatano, aonje kungoja kidogo. Jumamosi alikuja, na wenzake wawili wa kikundi, mmoja wao yule wa "kutumwa sokoni". Alivaa raba nyeupe. Ilinyesha kuanzia Parklands mpaka mwisho. Habari za kikundi hakuna aliyezigusa, na mimi sikuziuliza. Kiambu Road bwana wa sokoni aliketi juu ya jiwe, akavua kiatu ambacho sasa kilikuwa na rangi ya matofali, akamtoa siafu mmoja aliyekuwa bado anauma soksi.

"Jumamosi ijayo ni saa ngapi?" akauliza, bila kuniangalia.

Nikamwambia nitaona.