Taurini ya kwenye enaji inalinda moyo kweli? Jibu la mtu wa mifugo

Mkuu mleta uzi, umeuliza mambo matatu: kama taurini (aina ya asidi amino ambayo pia ipo mwilini) iliyoandikwa kwenye kopo la enaji inalinda moyo na macho, kama inarefusha maisha, na kama ni kweli inakamuliwa kwenye mbegu za dume la ng'ombe. Mimi si daktari wa watu, ni wa mifugo, ila kwa taurini hata sisi tuna la kusema.

Hilo la mbegu tulimalize kwanza. Mwaka 1827 Wajerumani wawili, Friedrich Tiedemann na Leopold Gmelin, waliipata kwenye nyongo ya ng'ombe. Inayotiwa kwenye vinywaji leo inatengenezwa kiwandani kwa kemikali. Dume hahusiki kabisa.

Sasa moyo na macho. Kuna mama aliniletea paka wake akilalamika, "Daktari, huyu siku hizi anagonga miguu ya meza kama mlevi." Nikamtoa nje, jua la saa sita. Paka mzima kwenye mwanga ule mboni hubaki mstari mwembamba; za huyu zilikuwa zimefunguka duara zima. Nikammulika kwa tochi ya simu, macho yakawaka kupita kawaida na mboni hazikushtuka. Anakula nini? Chakula cha mbwa cha mfuko, kwa sababu ni nafuu, na ugali na maziwa. Tangu lini? Tangu alipoacha kunyonya.

Hili si jambo geni. Mwaka 1975 watafiti Marekani walionyesha kwamba paka wakikosa taurini, retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, inakufa taratibu. Mwaka 1987 Paul Pion na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Davis, wakaonyesha kubwa zaidi: paka waliokuwa na moyo uliotanuka na kulegea walikuwa na taurini kidogo mno kwenye damu, na walipopewa, mioyo ikarudi kusukuma vizuri. Baada ya hapo watengenezaji wakaongeza taurini kwenye chakula cha paka. Cha mbwa si lazima kiwe nayo, kwa kuwa mbwa kwa kawaida hujitengenezea. Yule paka tulimhamishia kwenye dagaa na mioyo ya kuku. Mwili ulinawiri, lakini macho hayakurudi. Retina ikishakufa imekufa.

Kwa nini paka anaumia hivyo na wewe huumii? Ini lako linaitengeneza taurini kutoka kwenye sisteini, asidi amino ya kwenye protini, kwa msaada wa vitamini B6. La paka linatengeneza kidogo sana. Halafu kwenye nyongo, ambako taurini hufungwa na asidi za kusagia mafuta, binadamu akipungukiwa hutumia glaisini, asidi amino nyingine, badala yake. Paka hana hiyo njia ya pili, kwa hiyo kila siku anapoteza nyingine chooni.

Kazi ya ulinzi ya taurini ndiyo inanivutia zaidi. Chembe nyeupe za damu zinapoua bakteria hutoa asidi ya hipoklorasi, yenye klorini ndani yake, ndugu kabisa wa jiki unayofulia. Ikibaki huru inaunguza na nyama ya mwili wenyewe. Taurini imejaa ndani ya chembe hizo, na inaishika ile klorini na kuipunguza makali. Kwenye moyo husaidia kupanga kalsiamu inavyoingia na kutoka ili msuli ukaze na kulegea kwa wakati. Pia huzuia seli zisivimbe wala kusinyaa chumvi na maji vinapoyumba.

Kuhusu umri: mwaka 2023 jarida la Science lilichapisha utafiti ambapo panya waliopewa taurini waliishi zaidi kwa asilimia 10 hadi 12. Watu wakakimbilia madukani. Mwaka 2025 jarida hilohilo likatoa utafiti mwingine uliokuta kwamba taurini ya kwenye damu haishuki kwa mpangilio kadiri mtu anavyozeeka; kwa wengi ilibaki palepale au kupanda. Mwaka huohuo watafiti wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, wakaonyesha seli za saratani ya damu zikiitumia taurini kukua. Mimi kwa ushahidi huo sinunui vidonge.

Sasa kopo lako. La mililita 250 mara nyingi lina taurini gramu 1, na Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilishasema kiwango hicho si tatizo. Tatizo ni kafeini kama miligramu 80 na sukari gramu 27 zinazokuja nayo. Ukiyanywa matatu kwa siku ili ulinde moyo, unaupiga teke.

Ukitaka taurini, kula pweza, ngisi, chaza, samaki, au paja la kuku, ambalo linayo nyingi kuliko kidari. Inayeyuka kwenye maji, kwa hiyo ukichemsha usimwage supu. Wale wa supu ya pweza pale ufukweni wako sawa, japo sababu wanazotangaza ni nyingine. Kwenye nafaka na maharage haipo.

Na kama unatumia dawa za presha, mwambie daktari wako kabla ya kuanza vidonge. Utafiti wa China uliwapa watu wenye presha iliyoanza kupanda gramu 1.6 kwa siku kwa wiki 12, na namba ya juu ya kipimo cha presha ikashuka kwa wastani wa pointi 7. Ukijumlisha na dawa unazomeza, inaweza kushuka kuliko anavyotarajia.