Namna ya kumbambikia kuku vifaranga wasio wake

Wafugaji wa kuku wa kienyeji wana mtindo wa kuwaatamisha kuku watatu au wanne kwa siku moja. Mayai yakishatotolewa, vifaranga wote hupewa mmoja awalee na wengine hurudi kutaga. Hesabu yake inaeleweka: kuku mmoja humaliza siku 21 juu ya mayai, kisha miezi miwili hivi akizunguka na watoto, na muda wote huo hatagi. Kazi ngumu ni kukabidhi. Kuku aliyekuwa mpole kabisa kiotani anaweza kudonoa vifaranga watatu wakafa ndani ya dakika chache, kisa wameingizwa asubuhi kweupe huku anawaona.

Anza na kuchagua mlezi. Tembe anayeatamia kwa mara ya kwanza mwachie watoto aliototoa mwenyewe. Wa wenzake wapewe kuku aliyekwisha kulea na kuonekana. Awe anaatamia kwelikweli: yuko kiotani usiku na mchana, manyoya ya kifuani yamepukutika, ukimgusa anajitutumua na kulia kwa hasira, na akitoka ni mara moja tu kwa siku, ale, anywe, aangushe kinyesi kikubwa chenye kunuka, arudi. Anayekaa kiotani mchana halafu jioni anapanda kwenye fito na wenzake bado hajafika huko. Hata aliyefika, mpe angalau wiki mbili juu ya mayai kabla ya kumletea mtoto yeyote. Kuku aliyeatamia siku tano tu bado yuko kwenye mayai kwa mwili na kwa akili. Ukimwekea tumboni kifaranga anayetembea, kwake huyo ni mdudu.

Kwa hiyo panga tarehe mapema. Mayai yote yawekwe jioni moja, hata kama kuku wa kwanza alianza kuatamia siku nne nyuma (huyo mwache na mayai mawili viza akisubiri wenzake). Pima mayai kwa tochi gizani siku ya saba hadi ya kumi, ondoa yasiyo na mishipa. Majani ya kiota yabadilishwe siku ya 17 hivi, kwa sababu utitiri huzaliana humo na kutoka usiku kunyonya damu. Kuku anayewashwa husimamasimama, hukanyaga watoto, na mara nyingi ndiye yule tunayemwita mkali bure. Kiota kilichoko juu kishushwe chini kabla ya hapo, tena usiku.

Kuanzia siku ya 19 vifaranga hulia ndani ya yai na mama huwajibu kwa sauti ya chini. Hapo ndipo anapowafahamu, kwa hiyo usimnyanyue kila saa kuhesabu. Wala usimenye ganda kumsaidia kifaranga aliyetoboa: mishipa ya damu bado imeshikana na ngozi ya ndani, na kujitoa mwenyewe kunaweza kumchukua saa nyingi, hata siku nzima. Ondoa maganda mara moja tu, watoto wakishakauka.

Vifaranga wa kumbambikia wawe na umri usiozidi saa 36. Watu husahau kwamba kifaranga naye lazima amkubali mama. Aliyeishi siku nne chini ya taa anaijua taa. Kuku akimwita anamtazama tu, anabaki nje ya mbawa na usiku anakufa kwa baridi. Usiogope kuwa watashinda njaa, maana kiini cha yai walichobaki nacho tumboni kinawatosha siku mbili.

Kukabidhi kufanyike saa mbili au saa tatu usiku, giza likiwa zito, na tochi uifunike kwa kitambaa. Pitisha mkono kwa nyuma, chini ya bawa, toa yai moja na uache kifaranga mmoja mahali pake. Weka wa pili. Ngoja nusu saa ukisikiliza. Akidonoa mkono wako hilo si neno. Unachotafuta ni ule mlio wa chini wa kukatikakatika anaoutoa kwa watoto wake. Ukiusikia, ingiza waliobaki wote usiku huohuo. Ukiwagawa kwa siku mbili tatu atakuwa ameshazoea rangi za wa kwanza, na akizoea wa njano, mweusi atakayekuja baadaye ataonja mdomo.

Idadi: kuku mdogo wa kienyeji hufunika 10 hadi 12, mwenye umbo kubwa 15. Nyanda za baridi kama Njombe au Limuru punguza. Kipimo ni rahisi: pita usiku, ukiona kifaranga anachungulia nje ya manyoya, wamezidi.

Saa kumi na moja alfajiri uwe umeshafika bandani, kabla hakujapambazuka, kwa kuwa uamuzi wake unatoka pale anapowaona. Akidonoa chini na kuita, umemaliza. Kumgonga mtoto mgongoni mara moja akaachana naye ni adabu ya kawaida. Akimlenga kichwani na kumfuata anapokimbia, ondoa vifaranga wote mara moja na umpe mlezi mwingine usiku unaofuata. Huyu usimjaribu tena msimu huu.

Wiki ya kwanza wakae chini ya tenga kubwa au kwenye chumba chao, mbali na kuku wengine wenye watoto, maana mama wawili wakikutana hugombana na wanaokanyagwa ni wadogo. Maji yawe kwenye kisahani chenye kokoto ili asizame mtu. Vifaranga 10 watakula gramu 100 hadi 150 za chakula kwa siku, na mama naye ale hichohicho chao. Chakula cha kuku wa mayai kina chokaa nyingi mno, na figo za kifaranga haziiwezi. Chanjo ya kideri (ugonjwa wa Newcastle) ya aina ya I-2 ni tone moja jichoni, nayo hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Muulize mtaalamu wa mifugo wa kata yako ratiba ya hapo kwenu.

Wale kuku waliobaki bila watoto, watu huwachovya kwenye ndoo ya maji waache kuatamia. Kizimba chenye sakafu ya wavu kilichoinuliwa, kisicho na majani, chenye chakula na maji, kwa siku tatu au nne, kinafanya kazi hiyo bila kumtesa kuku.

Ukitaka mlezi naye arudi kutaga mapema, watenganishe kuanzia wiki ya nne sehemu za joto, ya sita za baridi. Mhamishe yeye, mbali asiposikika, na watoto wabaki kwenye banda wanalolijua.