Ruzuku ya kikaushio cha mwani: tafuta taasisi kwanza

Dadangu wa Likoni, nimekuelewa: umetengeneza kikaushio cha mwani, kina mama wa Kibuyuni wamekijaribu, na wauliza kama serikali yaweza kukufadhili uendelee na utafiti. Yaweza, lakini peke yako utasumbuka. Hazina ya Taifa ya Utafiti, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2013, hufadhili zaidi watafiti wa vyuo na taasisi. Kwa hivyo nenda KMFRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari na uvuvi, pale Mkomani, au Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, Tudor, utafute mtafiti wa kushirikiana naye. Beba vipimo: unyevu kabla na baada, saa za kukausha, gharama ya kila kilo. Hivyo vina nguvu kuliko barua tamu.

Ila michoro usiionyeshe kabla ya kuwasilisha ombi la hataza, yaani haki ya kisheria ya uvumbuzi wako, kwa KIPI, ofisi ya serikali inayosajili hataza. Umiliki wa uvumbuzi kati yako na mtafiti nao uandikwe. Hapo mlipe wakili, usibane senti.

Na tafadhali usikope ukitegemea ruzuku. Sheria hiyo ya 2013 ilitaka Hazina itengewe asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka. Hatujakaribia hapo, jambo linaloniuma sana, na pesa zenyewe huchelewa.