Darasa likiitikia pamoja usiamini

Wahariri habari za kazi. Swali lenu la wiki hii mmeuliza kwanini mtoto anafika darasa la tatu hajui kusoma na lawama iende kwa nani, mzazi, mwalimu au serikali. Mi nafundisha darasa la kwanza shule ya kijijini huku mkoa wa Mara, miaka mingi sasa, na habari ya lawama nawaachia wengine maana tukianza hapo hatumalizi leo. Ninachojua ni kwamba huyo wa darasa la tatu hakushindwa juzi. Alishindwa darasa la kwanza, mwezi wa tatu hivi, na hamna aliyemuona kwasababu alikuwa anaitikia na wenzake.

Si mnajua tunavyoanza, irabu kwanza alafu silabi, ba be bi bo bu, mwalimu ananyoosha fimbo ubaoni darasa zima linaimba, mgeni akipita nje anasema aisee hapa watoto wanasoma. Haya shika hiyo fimbo anzia nyuma, au rukaruka, bo kisha ba kisha bu, uone. Nusu ya darasa wanaendelea na wimbo wao uleule kama gari lililokatika breki, na utakuta mmoja anaangalia nje dirishani kabisa na ndo mwenye sauti kuliko wote. Huyo ndo ninayemuogopa. Mtoto mkimya mwalimu yeyote anamshtukia, huyu wa sauti kubwa anapanda madarasa hivohivo.

Mwaka 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulibadilishwa, masomo yakapunguzwa ili tujikite kwenye KKK, kusoma kuandika na kuhesabu, na hapo mi nasifia kabisa maana muda tuliupata. Ila Januari 2016 elimu bila malipo ikaanza, watoto wakamiminika, jambo jema sana, lakini ukiwa na watoto mia na kitu chumba kimoja ukasema umsikilize kila mmoja dakika mbili tu siku imeisha. Ndo maana walimu tunakimbilia kuimbisha, sio uvivu jamani.

Mi nachofanya, wengine wakiwa wanaandika naita watano watano mezani. Nina kadi nimekata kwenye maboksi ya sabuni, nazichanganya, asome. Na naweka maneno yasiyo na maana, tebu, fami, lupi, kwasababu ukimpa baba au meza yenye picha pembeni anasoma picha, ukimpa lupi hana pa kujificha.

Kuandika nako kunasema mengi kuliko mnavyodhani. Mtoto wa huku kwetu kwenye imla anaweza kukuandikia "ninakura ugari". Nyie wa mjini mtacheka, mi nafurahi, maana ameandika vilevile anavyotamka nyumbani, yani ameshika kwamba kila sauti ina herufi yake, hiyo ya l na r tutanyoosha taratibu na sio kwa viboko. Anayeandika "gombe" badala ya ng'ombe au "bwa" badala ya mbwa naye yuko njiani, silabi za mwambatano, zile zenye konsonanti zaidi ya moja kabla ya irabu, ni ngumu, na kale kaalama ka juu kwenye ng' hata watu wazima mnakasahau kwenye meseji zenu. Wa kumhofia ni yule daftari safi, mwandiko mzuri, kila kitu sahihi, ukifuta ubao hawezi kuandika hata neno moja. Huyo anachora. Na mzazi akiona daftari anampa hela ya maandazi.

Kingine hiki kinanikera, wazazi wanaofundisha herufi kwa majina ya kizungu nyumbani, ei bii sii, alafu mtoto anakuja kwangu e anaita ii, na i anaita ai, meza inakuwa miza, namaliza wiki nzima nabomoa. Mfundishe sauti. Kama huwezi basi muache aje mtupu, atawahi zaidi.

Kwahiyo mzazi usimuulize mtoto leo mmesoma nini, atakuimbia. Chukua chochote chenye maandishi ya kiswahili, hata pakiti ya unga au kipande cha gazeti kilichofungia vitumbua, funika picha, mwambie asome neno la katikati sio la mwanzo. Akikwama usimtajie neno zima, mtajie sauti ya kwanza tu alafu usubiri. Usubiri kwelikweli, simu weka mbali, maana nawajua, mtoto yuko mstari wa pili nyie mshaanza kuchati.