Lenzi ndefu kwenye boti dogo: stendi iache kambini

Kila anayejiandaa kwenda Ziwa Naivasha kupiga picha za furukombe, yule tai mla samaki, huniuliza anunue stendi gani. Ya miguu mitatu, namwambia, iache kambini. Boti za pale ni nyembamba, injini iko nyuma, na mtetemo wake hupanda kwenye miguu ya stendi hadi kwenye kamera. Halafu lenzi ya milimita 600 kwenye kamera ya fremu kamili huona nyuzi kama 3.4 tu kwa upana. Boti ikiinama kidogo, stendi nayo imeinama, na ndege hayumo tena kwenye picha.

Kinachotuliza lenzi majini ni kiuno chako. Kilegeze kifuate maji, kichwa kibaki palepale, kama mama aliyejitwisha ndoo. Kaa benchi la katikati. Omo, yaani mbele ya boti, hupanda na kushuka kuliko kwingine. Nyayo zote chini, zimeachana. Mkono wa kushoto ubebe lenzi kwa chini. Nchi kavu ungebana viwiko mbavuni, ila jaketi okozi ni nene (na halivuliwi, viboko wamejaa), kwa hiyo mimi huegemeza mkono gotini, nyama ya juu kidogo ya kiwiko, maana mfupa juu ya mfupa huteleza.

Uzito ukikushinda, chukua stendi ya mguu mmoja na uisimamishe juu ya kiatu chako, isiguse sakafu. Mfuko wa mchele ukingoni wa kulazia lenzi nao unafaa, injini ikishazimwa.

Kanuni ya zamani, kwamba lenzi ya 600 inatosheka na kasi ya shata ya sekunde 1/600, ni ya mtu aliyesimama ardhini. Botini naanzia 1/2000, na furukombe akishuka majini napanda hadi 1/3200, ISO (kiwango cha kamera kuhisi mwanga) nikiiacha ijipange yenyewe. Chembechembe zinazoletwa na ISO kubwa husafishika kwenye kompyuta. Picha iliyotikisika haina dawa. Kizuia mtikisiko cha lenzi kiache kimewashwa, lakini usikitegemee sana: kinakata mtetemo wa mikono, si myumbo wa boti.

Zungumza na kapteni kabla hamjaondoka. Azime injini mkiwa upande wa mti unakotoka upepo, boti isogee yenyewe taratibu kuelekea kwenye mti. Wengi hupiga mluzi na kurusha samaki ili ndege ashuke. Binafsi sipendi, ila kama ndivyo mlivyopatana, azime kwanza ndipo arushe. Nendeni asubuhi, kwa sababu mchana upepo huamka na ziwa huchafuka.

Boti ikiyumba, mwisho wa kila myumbo hutulia kidogo kabla ya kurudi. Bonyeza hapo, picha tatu nne mfululizo, na umwachie ndege nafasi pande zote, kwani mstari wa maji utakuwa umeinama na kuunyoosha baadaye hula kingo za picha.